Mti wa Mkwe

Kwetu Kilwa Kivinje mti hauulizwi jina, unaulizwa unazaa nini. Tangu huu wangu usimikwe mbele ya baraza nimeulizwa na wavuvi, na madalali wa ufuta, na akina mama waendao sokoni, na watoto wa madrasa, na juzi na msafiri aliyeshuka kwenye basi akielekea hospitali ya Kinyonga. Ana mgonjwa wodini, ana chupa ya uji mkononi, uji unapoa, yeye kasimama anatazama juu. "Shikamoo mzee wangu. Huu nao unazaa nini?"

Nilikuwa nikijibu kwamba hauzai kitu. Baadaye nikajua kuwa unazaa, na heri nisingejua. Nitafika huko.

Mti wenyewe ni pamu, ile ndefu mnayoiona Dar es Salaam mbele ya hoteli, mabenki na nyumba za watu wenye geti linalojifungua lenyewe. Shina lake ni la kijivu, jororo, utadhani nguzo ya zege iliyopigwa lipu jana. Juu ya shina kuna shingo ya kijani kibichi, na juu ya shingo ndiyo makuti. Wataalamu wanauita Roystonea regia. Kwao ni Cuba na visiwa vya jirani, na Wacuba wameupenda mpaka wakauchora kwenye nembo ya taifa lao. Sina ugomvi na Wacuba. Ugomvi wangu ni kwamba mti upo kwangu, na aliyeuleta ni mtu nisiyeweza kumwambia neno.

Ni mkwe. Mwenye binti aliyeolewa hapo amekwisha nielewa. Mwanao wa kumzaa akikuletea kituko unamwambia rudisha ulikokitoa. Mkwe humwambii hivyo. Mkwe akibisha hodi unakwenda kwanza kutafuta shati. Kamwoa binti yako, hajamrudisha, kila Idi anatuma kitoweo, akipiga simu anaanza kwa "Shikamoo baba" na anasubiri uitikie ndipo aendelee. Sasa mtu wa namna hiyo akisimama mlangoni kwako na fuso zima, na juu ya fuso kalaza mti mzima uliofungwa viroba miguuni, na watu sita wanateremka na kamba, utamwambia nini? Unamwambia, "Alhamdulillahi, mwanangu, umefanya jambo kubwa." Na ni kubwa kweli, limeziba njia ya mtaa mpaka alasiri.

Nia yake ilikuwa njema, na hapo ndipo shida ilipoanzia. Alikuja Idi moja nikamtembeza shambani kwa marehemu baba, upande wa Singino, ambako zamani ukisimama katikati ya minazi hulioni jua. Siku hizi jua unaliona lote. Minazi imesimama safu kwa safu haina vichwa. Huo ni ugonjwa wa kunyong'onyea, na aliyewahi kuwa na minazi kusini hii hahitaji kusimuliwa. Kwanza nazi changa zinapukutika, unamshuku mwizi. Halafu panda jipya linafunguka likiwa jeusi. Makuti ya chini yanageuka manjano, umanjano unapanda ngazi kwa ngazi, shaha linaoza ndani kwa ndani, na siku moja kichwa chote kinadondoka. Inabaki nguzo. Watu wanaziita nguzo za simu, ingawa simu haikupita.

Chanzo chake ni kijidudu kiitwacho fitoplazma, aina ya bakteria asiye na ukuta wa seli, anayeishi kwenye mishipa ya utomvu na kusambazwa na wadudu wanaofyonza. Kwa sababu ya minazi Serikali ilianzisha mradi wa taifa mwaka 1979, makao Mikocheni, kwa msaada wa Benki ya Dunia na Wajerumani, taifa lile lile lililotujengea boma hapa pwani kisha likatuachia tulitazame likianguka. Mradi ukaja kuwa taasisi ya utafiti, leo ni TARI Mikocheni. Walijaribu minazi mirefu na mifupi, ya hapa na ya kutoka nje, na mingi iliyotarajiwa kuhimili nayo ikanyong'onyea. Dawa ya kuponya hakuna. Huko Florida, ambako wana ugonjwa wa ukoo huo, minazi ya mapambo inachomwa sindano ya oksitetrasaiklini kila miezi minne, na sindano inatuliza tu. Ukiacha kuchoma, mti unaendelea na safari yake. Mnazi kuwa na kadi ya kliniki! Marehemu baba angelisikia hilo angelicheka mpaka akohoe.

Basi mkwe alizitazama zile nguzo kwa muda, akavua miwani, akaifuta, akasema, "Baba, mimi nitawaletea mti usiougua." Nikadhani ni maneno ya kufariji, kama watu wanavyosema msibani. Sikujua anaweka ahadi.

Zamani mambo haya yasingewezekana. Kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa mwaka 2003, kuja Kilwa kutoka Dar ilikuwa unafika Rufiji unangoja kivuko pale Ndundu, na ukikuta kimeharibika unalala hapo na mbu. Mti ungekauka kando ya mto, mkwe angenipigia simu ya pole, nami ningesema amri ya Mungu. Leo fuso linatoka Dar alfajiri, linakata kona Nangurukuru, na adhuhuri mzigo uko mlangoni. Maendeleo nayo yana lawama zake.

Kuchimba shimo kulichukua siku nzima, maana ardhi yetu ni mchanga, na chini ya mchanga ni mawe ya matumbawe. Mti ukasimamishwa, ukaegemezwa mihimili ya mbao, na hapo nikapewa masharti ya kwanza: mihimili isipigiliwe msumari kwenye shina, ifungwe kamba juu ya gunia. Shina la mti wa aina hii halina gome la kuziba jeraha. Tundu ukilitoboa leo wajukuu watalikuta. Hilo nililijua. Mnazi mmoja uliobaki pale uani bado una vidato alivyouchonga mkwezi wakati mimi sijaoa, na kila kidato kiko wazi vile vile, kingo zimekuwa nyeusi, ndani yake mjusi kafanya nyumba. Lakini nilisikiliza kwa heshima, nikasema "naam, naam," huku namtazama fundi wake akiviringisha gunia langu la korosho shinani mwa mti wake.

Masharti yaliyofuata yalikuja kwa simu, kwa sauti zilizorekodiwa, ndefu, zenye "kingine baba" katikati. Kingine baba, mti uliohamishwa umekatwa mizizi, na pamu hii haiponyi mizizi iliyokatwa upesi kama mnazi, kwa hiyo miezi ya mwanzo usikose maji. Kingine baba, yasiwe ya chumvi sana. Sasa maji ya kisima chetu wenyeji wa Kivinje wanayajua, ukiyapikia chai huhitaji kuuliza bahari iko wapi. Ya bomba yanakuja kwa zamu, na zamu yake wanaijua malaika. Kwa hiyo kuna majuma ambayo mimi, mtu mzima mwenye wajukuu, nilikuwa naoga kwa kata mbili ili mti upate dumu zake. Mke wangu akiniona nainama na dumu gizani ananiuliza kama mgeni ameshakula pia.

Maji yakatosha, mti ukashika. Nikadhani nimepumzika. Yakaja makuti mapya yamejikunja, ncha zimechomeka na kusinyaa. Nikampeleka bwana shamba akautazame. Ni kijana mwema, anajua ubwiri unga wa mikorosho kuliko anavyojua mistari ya kiganja chake, lakini aliuzunguka mti mara mbili akasema, "Mzee, huu kwenye mwongozo wangu haumo." Mkwe ndiye aliyepata jibu huko Dar: udongo wenye chokaa ya matumbawe unazuia mti kupata manganizi, na pamu hii ikikosa manganizi ndiyo hukunja kuti. Kifurushi cha salfeti ya manganizi kikaja kwa basi. Baadaye kikaja cha potasiamu, kisha cha magnesi. Mimi mikorosho yangu naipulizia salfa, na msimu ukifika korosho zinakwenda ghalani, zinapigwa mnada, fedha zinaingia, tunaelewana. Huu unakula mbolea ghali kuliko mikorosho yote, na hesabu yake haina mstari wa mapato.

Si kwamba sisi hatuijui familia yake. Pwani hii imejaa ndugu zake, na kila ndugu ana kazi. Mkindu unaota wenyewe mabondeni, hakuna aliyewahi kuupelekea hata kata ya maji, na mke wangu anachukua ukindu wake, anauchana, anauanika, anauchemsha na rangi, anasuka ukili, anashona mkeka ambao mwari akiolewa lazima awe nao. Mkoche unatoa miyaa ya majamvi, vikapu na kamba. Mvumo ukikatwa unapata boriti ambazo mchwa anazipita kwa heshima. Na mnazi, jamani, mnazi ni wa kuuliza? Tui la ming'oko na kisamvu, dafu la mgonjwa, makuti ya paa, chelewa za ufagio, kumbi za kuwashia moto, kifuu cha upawa, usumba wa kamba, pakacha la kubebea samaki. Na wale ndugu zetu ambao Ijumaa hatuwaoni wanapata tembo. Hata ukifa na ugonjwa, nguzo yake utailaza juu ya mfereji upate daraja.

Katika ukoo huo ndiyo unaletewa binamu kutoka ng'ambo, mrefu kuliko wote, mzuri kuliko wote, na amekuja kukaa. Kuti lake la kwanza lilipoanguka nililikokota kwa furaha mpaka uani nikasema angalau tutaezeka banda la kuku. Mke wangu akalishika, akaligeuza, akalipindua, akaliacha lianguke. Vijani vyake vimeota kila upande wa upongoo, juu, chini na kando, ndiyo maana ukilitazama kwa mbali linapendeza; huwezi kulilaza bapa likasukika. Nimesoma kwamba Wacuba wanaezekea vibanda kwa hayo makuti. Labda mvua ya Cuba ina adabu.

Makuti haya yana tabia nyingine. Mnazi unakupa ishara, kuti linakauka, linaning'inia, unalivuta. Pamu hii inaliachia kuti lote kwa mpigo, pamoja na gamba lake pana linalokumbatia shingo, kila mwezi au karibu hivyo, saa inayoitaka yenyewe, na saa inayoipenda ni ya usiku wa manane. Kuti lina urefu unaozidi chumba changu cha kulala, uzito wa mtoto wa darasa la pili. Likishuka, mtaa wote unaamka. Jirani yangu wa kulia, ambaye ana kesi ya mpaka na mtu, kila likianguka anatoka na rungu. Banda la kuku limekwisha pigwa. Kuku wenyewe hawataki tena kulala humo, wanapanda juu ya ukuta wa jikoni, na mayai sasa tunayatafuta kwa tochi.

Wanaofaidi ni watoto. Lile gamba la kuti ni gumu, jororo, limejikunja kidogo kingo. Mmoja anakaa, wawili wanashika kuti upande wa mbele, wanamburuta mchangani mpaka kwenye mivinje ya pwani, vumbi na makelele nyuma yao. Saa yao ya mchezo ni baada ya adhuhuri, mtu anapotaka kujinyoosha. Nimewakemea. Wananijibu kwa adabu kabisa, "Shikamoo babu, tunaomba na lile lingine."

Halafu kuna mdudu mwenye pembe. Mnamjua, yule mweusi anayeng'aa, ana pembe moja puani, wakulima wa minazi wanamwita chonga. Usiku anatoboa kwenye shingo ya mti, anatafuna kuti likiwa bado limekunjwa ndani, na likija kufunguka unaona limekatwa pembetatu pembetatu, utasema limepita kwa fundi cherehani. Akifika kwenye shaha, mti umekwisha, maana mti wa aina hii una kichipukizi kimoja tu. Hauchipui ubavuni wala chini. Mkwe kupata habari hiyo simu ikaita mara moja. Mdudu huzaana kwenye magogo ya minazi iliyooza na kwenye samadi, kwa hiyo samadi yangu iondolewe. Samadi si yangu, ni ya mke wangu, ya mchicha wake. Sijawahi kuona mtu akiweka tamko la mkwe na tamko la mke kwenye mizani moja, na sitashauri mtu ajaribu. Tuliifunika turubai.

Dawa ya mdudu mwenyewe ni waya. Unachukua spoku ya baiskeli, unakunja ncha kidogo iwe ndoano, unaegemeza ngazi, unatafuta tundu. Tundu lake halijifichi, mlangoni kuna makapi ameyatema, yamelowa, yananuka tembo lililochacha. Unaingiza spoku taratibu, unasikiliza kwa vidole mpaka inapogusa kitu kigumu kinachosukumana nawe, unazungusha, unavuta. Anatoka nyuma-nyuma, miguu inakwaruza, anafoka "fyuu fyuu" kwa hasira kana kwamba mimi ndiye niliyevamia kwake. Tumbo lake limejaa nywele nyekundu. Ukimaliza unaweka mchanga uliochanganywa na chumvi kwenye makwapa ya makuti. Nilikuwa huko juu asubuhi moja, nimeshika mdudu mkono mmoja na spoku mkono mwingine, pale chini mtani wangu Mmatumbi anapita na baiskeli. Hakushuka. Alisema tu, "Mgema, leo umepata vibuyu vingapi?"

Mwezi Mei 2024 kikaja kimbunga Hidaya. Upepo na mvua vilivyotupiga mnavikumbuka, na barabara ya kwenda Dar ikakatika pale Somanga, magari yakapanga foleni upande huu na upande ule. Nyumba nyingi za zamani za Kivinje, ambazo zimesimama kwa huruma za Mungu tangu biashara ya pembe za ndovu, ziliachia kipande hapa na kipande pale. Kwangu liliondoka bati la jikoni na mwarobaini ukalala. Mtandao uliporudi simu ya kwanza kuingia ilikuwa ya mkwe. "Shikamoo baba. Poleni sana. Pamu ipo?"

Ipo. Uliachia makuti mawili matatu ukabaki umesimama. Mti umelelewa na vimbunga vya Karibi, utaogopa nini cha huku? Nilimjibu kwamba ipo, haijambo, nami pia sijambo, na mama yako pia hajambo. Akasema, "Ah, ndiyo, baba, nilitaka kuuliza."

Kisha zikaja harusi. Mpiga picha mmoja aligundua kwamba akimsimamisha bibi harusi mbele ya ukuta wangu, shina la pamu likatokea kushoto, picha inakuwa si ya Kivinje tena, inakuwa ya mahali pa kulipia. Basi Jumamosi na Jumapili wanakuja, magari yamefungwa riboni, tarumbeta, mashangazi. Wanakuja mpaka wa Kilwa Masoko, ambako kuna hoteli za ufukweni zenye pamu zao. Mara ya kwanza nilikaa barazani nikijiona mwenye mali. Mpiga picha akanijia kwa heshima zote: "Mzee wetu, samahani, ungesogea kidogo ndani, unatuingilia kwenye fremu." Kwenye baraza yangu! Nilipomwambia mke wangu tuwe tunatoza hata shilingi elfu mbili tatu za maji ya mti, alinitazama jinsi anavyonitazama nikitaja samadi. Kumtoza bibi harusi ni nuksi, alisema. Akawapelekea juisi ya ukwaju.

Sasa nifike kule nilikoahidi. Mwaka huu, chini ya ile shingo ya kijani, lilichomoza karara refu lenye ncha. Likapasuka, likatoka panda jeupe lenye matawi mengi. Nilifurahi kuliko mwenye mti. Nilikaa barazani nangoja tu aje mtu aulize unazaa nini. Matunda yakaja, madogo, ya mviringo, yakaanza kubadilika kuelekea zambarau. Nikamwita mjukuu wangu wa kidato cha pili, nikamwambia tafuta kwenye simu yako, haya matunda huko kwao wanayafanyia nini. Mtoto akatafuta. Akasoma kimya. Akanitazama.

"Babu, wanalishia nguruwe."

Nikamwambia atafute tena, asome vizuri. Akasoma vizuri. Huko Cuba wapandaji huukwea mti huo kwa kamba, hukata mashada, huyashusha, na hayo ndiyo chakula cha nguruwe tangu enzi za mababu. Nguruwe aliyenenepeshwa kwayo ndiye anayesifiwa. Tulikaa kimya sote wawili. Msikiti uko nyumba ya nne kutoka hapo nilipokuwa nimeketi. Nikamwambia jambo hili liishie hapa. Kabla ya magharibi lilikuwa limefika kwenye kahawa, na kahawa ya Kivinje haijawahi kuhifadhi siri.

Usiku ule barazani kwa wacheza bao hakukuwa na jambo lingine. Mmoja akauliza kama kivuli chake kinafaa kusaliwa. Mwingine akauliza wale mabibi harusi waliopiga picha, ndoa zao zikoje. Jirani wa rungu akasema yeye alijua tangu mwanzo kuna kitu, mti mkubwa hivyo usio na faida hauwezi kukosa mwenyewe. Mtani akasema basi tatizo limekwisha, zao limepatikana, limebaki soko. Akaniuliza kama anitafutie mbegu ya mifugo huko kwa wasio Waislamu. Aliyeniokoa ni mwalimu wa madrasa. Aliweka kikombe chini, akasema nguruwe anakula mahindi pia, na muhogo, na maembe ya kuokota, na hakuna hapa aliyeacha ugali. Kila mtu akanyamaza. Ni hukumu safi, na ningeifurahia zaidi kama asingeongeza, wakati anainuka, "Ila mimi nisingeupanda."

Na kwa habari ya zawadi, mwaka 1331 msafiri Ibn Battuta alipofika Kilwa Kisiwani alimkuta Sultani al-Hasan bin Sulaiman, ambaye kwa wingi wa zawadi zake walimwita Abu al-Mawahib, baba wa zawadi. Anasimulia fakiri mmoja kutoka Yemen alimsimamisha Sultani baada ya sala ya Ijumaa akamwomba nguo alizovaa mwilini. Sultani akaingia ndani, akabadili nguo, akampa zile. Kila mtu wa Kilwa anapenda hadithi hii, na mimi naipenda, lakini siku hizi naisoma kwa jicho jingine. Fakiri aliomba nguo, akapewa nguo. Hakuomba nguo akaletewa mti.

Na mkwe sasa anasema mmoja unaonekana mpweke. Anasema pamu inapendeza ikiwa safu, kama kule Dar, mmoja huku, mmoja kule, geti katikati. Sina geti. Amesema tusijali, hilo nalo atalifikiria. Ningependa kumwambia kwamba kama mkono unamwasha, apite Mikocheni aulize miche ya minazi, ya aina yoyote wanayoiamini kwa sasa, hata ikifa nusu. Nusu itakayobaki nitaila. Lakini nikisikia "Shikamoo baba" ulimi unakuwa mzito, najikuta nasema, "Marahaba mwanangu, tunashukuru, mti unaendelea vizuri."

Kwa hiyo natangaza hapa, ambapo yeye hasomi. Mwenye hoteli Masoko, au mwenye nyumba ya wageni Nangurukuru, au yeyote mwenye geti linalojifungua, mti upo. Ni bure. Aje na fuso lake, watu wake na kamba zake. Achimbe mbali na shina, aondoke na udongo wa kutosha kwenye mizizi, afunge makuti yaliyobaki kulinda shaha, asipigilie msumari, na achague masika ili Mungu amsaidie kumwagilia. Juisi ya ukwaju ataikuta kwa mke wangu. Ila aje siku za katikati ya juma. Mkwe huja Ijumaa.